Kampuni za mtandaoni zikichukua haki za mpira, king'amuzi changu kina miaka mingapi?

Mwenye Banda (Pasua, Moshi)

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninaendesha kibanda umiza hapa Pasua: mabenchi ya mbao, televisheni mbili kubwa, mapazia meusi madirishani, na dishi lililoota kutu ambalo bado linanasa vizuri kuliko linavyoonekana. Nilianza kazi hii baada ya mitambo ya analojia kuzimwa mwaka 2013, wakati ambapo asiye na king'amuzi alijikuta ana sanduku lisiloonyesha kitu, na mwenye nacho akajikuta ana wageni kila Jumamosi bila kuwaalika. Niliona ni heri wageni wale walipe, nami niwatafutie mahali pa kukaa.

Vifaa vyangu sasa vimechoka, na akiba niliyo nayo inatosha jambo moja, si mawili. Ninaweza kununua ving'amuzi vipya, kubadili dishi na kuingia kwenye kifurushi cha biashara. Au ninaweza kuvuta faiba ambayo tayari imefika barabara ya juu yetu, nikanunua televisheni zinazounganishwa na intaneti na kuachana na dishi kabisa. Mwanangu anayesoma chuo huko Arusha anashikilia njia ya pili. Anasema kununua king'amuzi wakati huu ni sawa na kununua taipureta, na mifano anayo: Amazon ilianza kuonyesha mechi za Ligi Kuu ya Uingereza Desemba 2019, DAZN, huduma ya michezo ya mtandaoni, inashikilia Ligi Kuu ya Italia tangu mwaka 2021, Apple iliingia mkataba wa miaka 10 na ligi ya Marekani kuanzia 2023, mwaka uleule Messi alipohamia Inter Miami, na Netflix, ambayo sisi wazee tuliijua kwa tamthilia, imenunua haki za kuonyesha Kombe la Dunia la Wanawake la 2027 na la 2031 nchini Marekani. Kwa hesabu yake, vituo vya televisheni vinangoja kuzikwa tu.

Hoja ya kumjibu sina, ila nina kovu. Kuna Jumamosi moja nilijaribu mwenyewe kuonyesha mechi kwa njia ya mtandao, kwa huduma ambayo sitaitaja kwa sababu sijui hata leo kama kosa lilikuwa lao, la waya au la nyumba yangu. Dakika ya sabini picha ikaganda, duara likaanza kuzunguka katikati ya kioo, na kutoka banda la jirani tukasikia watu wakishangilia goli ambalo kwetu lilikuwa halijafungwa. Nilirudisha nusu ya kiingilio. Wapo ambao hawajarudi mpaka leo.

Swali langu kwa wenye ujuzi ni hili: je, ni kweli kwamba mpira unahama kutoka kwenye ving'amuzi kwenda mtandaoni, na ukihama, utahama lini kwa mtu aliyeko Moshi? Naomba maelezo, ushabiki wa kampuni tuuache kwa wauzaji wake.

Fundi Dishi (Sakina, Arusha)

Mzee wangu, pole kwa siku ile. Mambo ya mikataba nitawaachia wengine, mimi nizungumzie njia ambayo picha inapita, kwa kuwa hapo ndipo ninapopata riziki yangu.

Setilaiti ya matangazo ni kama mpiga mbiu. Akipuliza pembe katikati ya kijiji, anayesikia mmoja na wanaosikia elfu wanamgharimu pumzi ileile. Imekaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita zipatazo 36,000, ikimwaga mawimbi yaleyale juu ya Pasua, Sakina na Ngaramtoni, na jirani yako akifunga dishi jipya leo, mawimbi yako hayapungui hata chembe. Intaneti ni tarishi: kila mtazamaji lazima aandikiwe barua yake na kupelekewa mlangoni. Siku ya mechi kubwa barua zinakuwa nyingi na njia inajaa. Kampuni kubwa hupunguza msongamano huo kwa kuweka seva zenye nakala ya matangazo karibu na watazamaji, lakini kipande cha mwisho, kile cha kutoka nguzo ya mtaa hadi bandani kwako, mara nyingi unagawana na majirani ambao nao wamefungua mechi ileile saa ileile.

Kuhusu lile goli ulilolisikia kabla ya kuliona, hiyo si hitilafu, ndivyo mfumo ulivyoundwa. Matangazo ya mtandaoni hukatwa vipande vya sekunde kadhaa, na kifaa chako hukusanya vipande vichache kwanza kabla ya kuanza kuonyesha, ili mtandao ukiyumba kidogo picha isikatike. Ukijumlisha, unaweza kuwa nyuma nusu dakika. King'amuzi nacho huchelewa, ila ni kwa sekunde chache. Julai 2022, siku ya fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Yanga na Coastal Union iliyochezwa hapa uwanja wa Sheikh Amri Abeid, nilikuwa nimekaa kwenye mgahawa wa Kaloleni nikitazama kwa king'amuzi. Mechi ilikwenda sare ya 3-3, Sopu akiwa amefunga mabao yote matatu ya Coastal, na ikafika matuta. Kila penalti tuliijua kabla haijapigwa kwenye kioo, maana kelele za uwanjani zilitufikia kwanza. Sasa fikiria kijana aliyekuwa pembeni yetu akitazama kwa simu: alikuwa anashangilia peke yake wakati sisi tumeshaanza kubishana kuhusu penalti iliyofuata.

Data nayo ina hesabu yake. Televisheni kubwa kama zako, ukitaka picha safi, zinahitaji kama megabiti 5 kwa sekunde. Mechi pamoja na mapumziko ni saa mbili, yaani sekunde 7,200. Zidisha upate megabiti 36,000, gawanya kwa 8 upate megabaiti 4,500, ambazo ni gigabaiti 4.5 kwa mechi moja. Mechi nne za Jumamosi na Jumapili ni gigabaiti 18. Kwa bando la simu utafilisika kabla ya msimu kufika katikati. Kwa faiba ya malipo ya mwezi inawezekana. Na ukitaka televisheni mbili zionyeshe mechi mbili tofauti kwa wakati mmoja, zidisha yote hayo mara mbili.

Nisiwe wakili wa dishi pia. Masika ikikaza, wingu zito likishuka mlimani, mawimbi yanamezwa na maji na unabaki na maandishi ya kukwambia hakuna mawimbi. Hilo unalijua kuliko mimi. Lakini dishi linalegea kwa mvua ya dakika ishirini kisha linarudi, ilhali mtandao unaweza kukatika kwa sababu mtu amechimba mtaro mtaa wa pili. Umeme ukikatika, ukiwa na inverta, dishi na king'amuzi vinaendelea. Mtandao utaendelea iwapo tu na vifaa vya mtaani vinavyokuletea vina umeme wa akiba.

Ushauri wangu kama fundi: dishi liwe uti wa mgongo, faiba ndogo iwe gurudumu la akiba.

Kijana wa Ngarenaro

Shikamooni wazee. Naona Fundi amepima vifaa lakini hakupima watu. Wenzangu wengi hawatazami mechi nzima tena. Wanatazama kwa simu, wanaruka, wanarudi. Brazili, Kombe la Dunia la 2022, mechi 22 zilionyeshwa bure YouTube na CazéTV, ambayo ilianzishwa na kijana aliyejulikana kwa kutangaza mtandaoni. Uingereza, msimu wa 2025/26, mechi za Ijumaa za Bundesliga ziliwekwa YouTube. Na Kombe la Dunia la Klabu la 2025, DAZN ilinunua haki za dunia nzima na kuonyesha mechi zote 63 bila malipo kwa yeyote aliyejisajili. Mzee, mteja wako wa kesho ana kioo chake mfukoni. Swali si dishi au faiba, swali ni kwa nini aje bandani.

Mwalimu Mstaafu (Kiborloni, Moshi)

Marahaba, kijana. Umeuliza swali zuri, lakini Mwenye Banda aliuliza jingine, na nitaanza na lake.

Ndugu yangu, mwanao amekupa mifano ya kweli, ila amesahau kukuambia jambo moja ambalo wauzaji wa haki hawalisahau hata usingizini: haki za mpira huuzwa kwa nchi, kama mashamba yanavyouzwa kwa mipaka. Zile mechi 20 kwa msimu za Amazon zilikuwa za mtazamaji aliyeko Uingereza. DAZN na Ligi Kuu ya Italia, hiyo ni Italia. Netflix na Kombe la Wanawake, hiyo ni Marekani. Katika mifano yake minne, ni wa Apple peke yake ambao ni mkataba wa dunia, na nadhani hakuna mteja wako hata mmoja anayelipa kiingilio kutazama ligi ya Marekani, pamoja na heshima zote kwa Messi. Jambo hili la mipaka lina vichekesho vyake. Mechi za Uingereza zinazoanza saa tisa alasiri ya Jumamosi kwa saa za kwao haziruhusiwi kuonyeshwa mbashara nchini mwao, kwa lengo la kulinda mahudhurio viwanjani, wakati wewe wa Pasua unazionyesha saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni bila wasiwasi. Mtu wa Manchester anaweza kuhusudu banda lako.

Kwa hiyo swali la kwanza si kwamba Amazon ina nguvu kiasi gani. Swali ni nani anashikilia haki za eneo hili la Afrika kusini mwa Sahara. Kwa Ligi Kuu ya Uingereza ni SuperSport, ya kampuni ya MultiChoice, ambayo tangu Septemba 2025 iko mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa. Kwa ligi yetu ni Azam Media, ambayo mwaka 2021 ilisaini na TFF, shirikisho letu la soka, mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Gawanya, utapata zaidi ya bilioni 22 kwa mwaka. Simba na Yanga hawahami kesho asubuhi.

Swali la pili ni kwa nini kampuni inanunua mpira. Nimefundisha biashara sekondari kwa miaka mingi na niliwaambia wanafunzi kwamba ukitaka kumwelewa mfanyabiashara, tazama anachouza, usitazame anachotangaza. Amazon haikuwa inauza mpira. Ilichagua mechi za Desemba, wakati Waingereza wananunua zawadi za Krismasi, ili wajiunge na uanachama wake unaowapa pia usafirishaji wa mizigo. Apple inauza vifaa. Makampuni ya namna hiyo hayahitaji ligi nzima. Yanahitaji kipande kinachovuta watu mlangoni, na kipande kisipovuta tena, yanaondoka bila kilio. Ndivyo ilivyokuwa. Zabuni ya Desemba 2023 ilipofunguliwa, haki za Uingereza za kuanzia msimu wa 2025/26 hadi 2028/29 zilikwenda Sky na TNT Sports, vituo vya televisheni, kwa pauni bilioni 6.7. Amazon ilibaki nje. Sasa jiulize: hapa Moshi, ambako Amazon haina ghala wala pikipiki ya kupeleka mizigo, macho yetu yangeifaa nini?

DAZN ni mnyama mwingine. Hiyo inaishi kwa michezo, kwa hiyo ada ya mtazamaji ndiyo chakula chake. Na historia ya wanaoishi kwa mpira peke yake ni ndefu, nayo haikuanza na intaneti. Mwaka 1992, Ligi Kuu ya Uingereza ilipoanzishwa, BSkyB ya Rupert Murdoch iliishinda ITV ya hukohuko Uingereza kwa mkataba wa miaka mitano uliotajwa kuwa wa pauni milioni 304, na watu wakalalamika kwamba mpira uliokuwa bure umefungiwa ndani ya dishi. BSkyB ilinusurika, na ikafuata foleni ya waliotaka kuiga. ITV Digital iliahidi pauni milioni 315 kwa ligi za madaraja ya chini, ikaanguka mwaka 2002 na klabu zikabaki na bajeti zisizo na fedha. Setanta, kituo kingine cha kulipia, iliingia baada ya Tume ya Ulaya kutaka haki zisichukuliwe na mnunuzi mmoja. Mwaka 2009 nayo ikafa. Na huku kwetu, wenye umri wanaikumbuka GTV: ilichukua sehemu kubwa ya mechi za Uingereza kwa Afrika kuanzia 2007, ikashusha bei ya kifurushi, watu wakafurahi, na Januari 2009, katikati ya msimu, ikafunga. Ving'amuzi vyake vikabaki kuwa vitu vya kuegemeza mlango.

Ufaransa ndiyo darasa la karibuni. Mediapro, kampuni ya Hispania, iliahidi zaidi ya euro milioni 800 kwa msimu kwa haki za ligi ya huko kuanzia 2020, ikashindwa kulipa hata kabla ya Krismasi ya kwanza. Amazon ikachukua mechi nyingi kwa euro milioni 250, yaani chini ya theluthi ya ahadi ile. Mwaka 2024 DAZN ikaja na euro milioni 400 kwa mechi nane kati ya tisa za kila wiki, na baada ya msimu mmoja wa ugomvi wakaachana. Agosti 2025 ligi yenyewe ikafungua huduma yake, Ligue 1+, kwa euro 14.99 kwa mwezi, ikiamua kumfikia mtazamaji bila dalali. Hatua hiyo mimi naiona ni kubwa kuliko ujio wa Amazon na Netflix, kwa sababu Ligi Kuu ya Uingereza ikiamua siku moja kufanya hivyo kwa Afrika, SuperSport itabaki na studio na viti.

Lakini jambo ambalo mwanao angelipenda zaidi, kama ni mtu wa hesabu, ni hili. Mkataba wa Uingereza wa 2016 hadi 2019 ulikuwa pauni bilioni 5.136 kwa misimu mitatu, mechi 168 kwa msimu. Hiyo ni kama pauni milioni 10.2 kwa mechi. Mkataba wa sasa ni bilioni 6.7, lakini kwa misimu minne na angalau mechi 267 kwa msimu, ambayo ni milioni 6.3 hivi kwa mechi. Vichwa vya habari viliandika kwamba rekodi imevunjwa, na ni kweli kwa jumla. Kwa kila mechi, bei imeshuka kwa zaidi ya theluthi, na hapo hatujahesabu mfumuko wa bei. Ligi inauza mikungu mingi zaidi ili kapu lionekane limejaa. Kampuni za mtandaoni zilitarajiwa kupandisha mnada, nazo zimekuwa zikipita sokoni, zinabonyeza nyanya mbili tatu, zinaendelea na safari.

Kwa hiyo sikubaliani na mwanao, na sikubaliani sana na Fundi pia, kwa kuwa mpaka kati ya dishi na mtandao unafutika kutoka upande ambao hamuutazami. Wenye ving'amuzi ndio wanaohamia mtandaoni. Sky ina NOW, MultiChoice ina DStv Stream, Azam ina AzamTV Max. Haki ileile, mwenye haki yuleyule, njia mbili. Ukilitazama hivyo, waya utakaouchagua ni jambo dogo kuliko tarehe ya mwisho ya mkataba wa anayekuuzia.

Mama Banda (Unga Limited, Arusha)

Kaka yangu wa Pasua, na mimi nina banda, na nimesoma maelezo ya Mwalimu mara mbili. Kuna jambo ambalo wote mmelipita.

Wewe si mtazamaji. Wewe unaonyesha watu wengine na unapokea kiingilio. Soma masharti ya karibu huduma yoyote ya mtandaoni, utakuta imeandikwa kwamba ni kwa matumizi binafsi, yasiyo ya kibiashara. King'amuzi cha nyumbani nacho kina sharti hilohilo, wengi tunajifanya hatulijui, lakini kwa king'amuzi angalau kuna kifurushi cha biashara ambacho unaweza kwenda dukani, ukakilipia na ukapewa risiti. Kwa mtandao, mimi nilipouliza, hakuna aliyeweza kuniuzia kitu cha namna hiyo. Waliniambia nijisajili kama mtu binafsi. Kwa maneno mengine, nijisajili kwa kosa.

Usidhani mambo haya ni ya kwetu tu. Kule Portsmouth, mama mmoja mwenye baa alichoka na bei ya Sky, akanunua kadi ya king'amuzi cha Ugiriki kilichokuwa rahisi zaidi, akaonyesha wateja mechi. Alishtakiwa, akatozwa faini, akakataa kunyamaza, na kesi ikafika Mahakama ya Ulaya. Oktoba 2011 majaji walisema kwamba kukataza kadi ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya ni kinyume cha uhuru wa kibiashara ndani ya umoja huo, na mwaka uliofuata hukumu dhidi yake ikafutwa. Watu wengi hukomea hapo wakishangilia. Lakini majaji walewale walisema pia kwamba ingawa mechi yenyewe si kazi ya sanaa ya kulindwa na hakimiliki, vitu vinavyoambatana nayo, kama wimbo wa ligi na michoro ya kwenye kioo, vinalindwa, na kuvionyesha baani kunahitaji ruhusa. Kwa hiyo hata yeye hakupewa ufunguo wa kila mlango. Na sisi hatumo kwenye umoja ule. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mkaguzi akija haulizi picha imepita kwenye dishi au kwenye waya, anauliza ruhusa.

Kwa kijana wa Ngarenaro: mwanangu, wanakuja. Wana simu mfukoni na bado wanakuja. Mechi ya Simba na Yanga, banda langu hujaa saa tatu kabla ya mpira kuanza, na wengine wamekaa chini ya kioo wakiwa na bando la kutosha. Mtu hawezi kumkejeli jirani yake kupitia simu akaridhika. Mechi ya Brighton na Brentford Jumatatu usiku, hapo nakubaliana nawe, nimekaa na mlinzi.

Mwenye Banda (Pasua, Moshi)

Nawashukuru nyote, na Mwalimu, shikamoo. Nimekujua kwa ile hesabu ya mikungu, nadhani ulimfundisha mdogo wangu.

Nimempigia mwanangu nikamsomea sehemu ya mipaka ya nchi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba Ligue 1+ inathibitisha hoja yake, kwa kuwa ligi zote zitafuata njia hiyo. Huenda. Nilimwambia kwamba siku Ligi Kuu ya Uingereza itakapoamua kumuuzia mtu wa Pasua moja kwa moja, itabidi kwanza iniuzie mimi mwenye banda kwa jina la biashara, kama Mama Banda alivyosema, na siku hiyo nitavuta faiba bila kuulizwa mara ya pili. Hakunijibu, akaniomba nauli.

Uamuzi wangu ni huu. Nitanunua king'amuzi kimoja badala ya viwili, kwa kifurushi cha biashara cha mwezi kwa mwezi, sitalipa mwaka mzima hata nikipewa punguzo, kwa sababu ya ile habari ya GTV. Dishi halibadilishwi, litasuguliwa kutu na kupigwa rangi. Fedha inayobaki itanunua inverta na betri, maana nimekumbuka kwamba katika mwaka mmoja nimerudisha viingilio mara nyingi zaidi kwa giza kuliko kwa duara linalozunguka. Faiba isubiri AFCON ya 2027, tutakapokuwa wenyeji pamoja na Kenya na Uganda, na Arusha ikiwa na uwanja wake mpya. Wakati huo nitajua nani ameshika haki na kwa njia gani.

Fundi, je, betri moja ya kawaida inatosha televisheni mbili kubwa kwa dakika tisini na za nyongeza, au nihesabu na matuta?

Fundi Dishi (Sakina, Arusha)

Hesabu na matuta, mzee. Nunua mbili, na Jumatano nina kazi Boma Ng'ombe. Nitapitia kwako kuzifunga.